Dashibodi Haikutengenezwa Ing'ae: Mafunzo Niliyopata Katika Kusafisha Magari

Kazi yangu ni kusafisha magari kwa ndani, hapa Dar es Salaam. Wenzangu wanaosha bodi, rimu na injini. Mimi naingia ndani na brashi, vitambaa na ndoo ndogo. Magari mengi yanayopita mikononi mwangu yalitumika kwanza Japani kabla ya kushushwa bandarini kwetu: IST, Passo, Premio, Noah, Harrier. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia nchini. Kwetu Tanzania linaruhusiwa, ila linatozwa ushuru wa ziada. Ndiyo maana gari ambalo mwenyewe analiita jipya, kwa vile ndiyo kwanza limetoka melini, plastiki zake mara nyingi zimeshafikisha miaka 10 au 15. Na bado tunataka zitutumikie miaka mingine kumi.

Injini ikichoka, mafundi wapo kila mtaa. Plastiki za ndani hazina fundi wa jirani, na ndizo unazozishika kila siku: usukani, vitasa, swichi za vioo, kifuniko cha gia. Nimeziona nyingi zikiharibiwa na watu waliokusudia kuzitunza, na jambo hilo linaniuma kwa sababu linaepukika. Haya ndiyo mafunzo niliyoyapata kazini.

1. Ijue plastiki kabla ya kuipaka kitu

Tunasema "plastiki ya gari" kana kwamba ni kitu kimoja. Siku moja fundi redio alifungua fremu ya katikati ya dashibodi mbele yangu, akaigeuza na kuilaza kwenye kiti. Nyuma yake, karibu na tundu la skrubu, palikuwa na herufi ndogo zilizochomoza kwenye plastiki yenyewe: >ABS<. Nikachukua kipande cha chini, kile kinachokaa juu ya miguu ya dereva, nacho nikakigeuza: >PP<. Tangu hapo hakinipiti kipande kilichofunguliwa bila kukitazama mgongoni. Viwanda huweka alama hizo ili gari likifika mwisho wake, wanaorejeleza taka wajue kipi kiende na kipi. Kwangu mimi alama hizo zimekuwa mwongozo wa kazi.

PP ni polipropilini, na ndiyo iliyo nyingi zaidi ndani ya magari: paneli za milango, vifuniko vya nguzo, sehemu za chini karibu na zulia. Inavumilia kemikali nyingi, haishiki gundi wala rangi kirahisi, lakini inakwaruzika ikiguswa na kitu kigumu, na mkwaruzo wake hubaki mweupe. ABS ina uso mzuri zaidi, kwa hiyo hutumika kwenye fremu za redio, matundu ya kiyoyozi na mapambo. Hiyo haivumilii asetoni hata kidogo; inayeyuka mbele ya macho yako. Thina na petroli nazo huiumiza.

Kisha kuna PVC laini, ile inayofanana na ngozi, iliyo juu ya dashibodi nyingi, milangoni, na kwenye siti za ngozi ya bandia. PVC yenyewe ni ngumu kama bomba la maji. Inakuwa laini kwa sababu kiwandani huchanganywa na vilainishi. Joto huvitoa vilainishi hivyo kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Ngozi hukakamaa, husinyaa, na mwisho hupasuka. Ule utando wa mafuta unaoukuta kwa ndani ya kioo cha mbele, hata kwenye gari ambalo ndani yake hapajawahi kuvutwa sigara, sehemu yake ni mvuke huo uliotoka kwenye plastiki ukatua kiooni.

Kwa hiyo mtu akiniuliza dawa nzuri ya plastiki ni ipi, nami humuuliza: plastiki ipi?

2. Vumbi litoke likiwa kavu

Vumbi letu lina mchanga ndani yake, na chembe za mchanga zina uwezo wa kukwaruza kioo, sembuse plastiki. Ukichukua kitambaa kibichi na kukiburuta juu ya dashibodi yenye vumbi, umepiga msasa. Hutaona leo. Utaona baada ya miezi, pale sehemu nyeusi inapokuwa na ukungu usiofutika kwa sabuni yoyote, na ukiimulika kwa tochi unaona mistari midogo ikizunguka kila upande.

Mimi hutumia brashi ya kupakia rangi, ya nywele laini, mpya, ambayo haijawahi kuona rangi. Sehemu yake ya chuma naifunga kwa utepe wa gundi ili isigonge plastiki. Mkono mmoja unapiga brashi taratibu kwenye matundu ya kiyoyozi, pembeni ya redio na kwenye mifereji ya vitufe. Mkono wa pili unashika mdomo wa vakyumu hapo karibu, unavuta vumbi kabla halijatua kwingine. Pasipo vakyumu, fungua milango yote na uanze juu kushuka chini. Upepo wa kompresa, unaopendwa sana kwenye sehemu za kuoshea, unafaa kutoa mchanga chini ya siti, lakini ukiupuliza ndani ya matundu ya kiyoyozi unasukuma vumbi ndani zaidi, na kesho kiyoyozi kitalirudisha usoni kwako.

Tahadhari kubwa zaidi iwe kwenye ile plastiki nyeusi ya kung'aa iliyoenea kwenye magari ya karibuni, kuzunguka gia na skrini. Hiyo haifutwi kavu kamwe, hata kwa mkono wa shati. Ipigwe brashi laini, kisha kitambaa chenye unyevu, bila kukandamiza.

3. Sabuni kidogo, na kitambaa kikamuliwe

Kazi kubwa ya usafi inafanywa na maji ya uvuguvugu na kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo katika lita moja. Watu hawaamini, kwa sababu hakuna chupa yenye picha ya gari la mbio juu yake. Lakini uchafu wa ndani ya gari ni nini? Ni jasho la viganja, mafuta ya ngozi na ya nywele, soda, chumvi ya upepo wa pwani, na vumbi lililoganda juu ya hayo yote. Sabuni ya vyombo ilitengenezwa kukata mafuta, na haina ukali wa kudhuru.

Sabuni ya unga siitumii. Huwa na magadi, chembe zake haziyeyuki zote, na zikiingia kwenye michoro midogo ya dashibodi hukauka na kubaki weupe ambao utautoa kwa mswaki kwa nusu saa.

Kitambaa kiwe cha mikrofaiba. Ukikikunja mara mbili kinakuwa na nyuso nane. Uso mmoja ukichafuka, geuza. Kikamue mpaka kisidondoke hata tone. Dashibodi ina nyaya, vitambuzi na vitufe chini yake, na maji yanayochuruzika hayana adabu, yanaingia popote penye ufa. Paneli za milango zenye michoro mirefu hupigwa mswaki laini uliochovywa kwenye povu, kisha zinafutwa mara moja kabla povu halijakauka. Baadaye pitisha kitambaa cha maji matupu. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayotofautisha plastiki safi na plastiki yenye sabuni: sabuni iliyobaki hunata, na kinachonata huita vumbi. Malizia kwa kitambaa kikavu.

Alama nyeusi za soli za viatu, zile za chini ya mlango na mgongoni mwa kiti, hutoka kwa kifutio cheupe cha penseli. Sponji nyeupe za kufutia madoa ya ukutani zinaondoa doa kweli, lakini zinafanya hivyo kwa kukwangua. Ukizitumia kwenye dashibodi utaacha kiraka kinachong'aa pale palipokuwa na michoro.

4. Dashibodi haikutengenezwa ing'ae

Mama mmoja alikuja kuchukua gari lake, akafungua mlango, akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, mbona haling'ai? Mie nimelipia usafi."

"Mama, limesafishwa. Naomba ukae hapo kwa dereva nikuonyeshe kitu."

Ilikuwa mchana, jua kali. Nikaweka dawa ya kung'arisha kwenye kitambaa nikapaka nusu moja tu ya dashibodi, upande wa abiria, kwa wingi kama wanavyopaka wengi. Nikamwambia atazame barabarani kupitia kioo cha mbele. Upande wake alikuwa anaiona barabara, mti wa mkungu na muuza madafu chini yake. Upande wa pili palikuwa na pazia la weupe juu ya kioo: mwanga wa dashibodi iliyong'aa ukirudi machoni. Muuza chipsi aliyesimama upande ule alionekana kama yuko nyuma ya moshi.

"Eh! Kumbe. Futa, mwanangu. Futa yote."

Waliobuni magari waliifanya dashibodi kuwa ya kiza na yenye michoro midogo kwa makusudi, ili mwanga usirudi kiooni. Gari likiwa safi kama lilivyotoka kiwandani, dashibodi yake haina mng'ao. Huo mng'ao tunaoulipia ni mafuta yaliyolazwa juu, mara nyingi ya silikoni. Tena huchukua siku chache tu kabla vumbi halijayapata na kugeuka matope membamba, na mwenye gari hurudi kupakwa tena juu yake. Nimefuta dashibodi zenye tabaka za miaka. Maji ya ndoo yalitoka ya kahawia na kitambaa kikawa kinateleza mkononi.

Sisemi dawa zote ni mbaya. Zipo zinazotengenezwa kwa maji, zisizoacha mng'ao, na baadhi zina viambato vya kupunguza ukali wa jua. Nikitumia, naweka matone machache kwenye kitambaa, sio kwenye dashibodi, napaka nyembamba, nasubiri kidogo, kisha nafuta kwa kitambaa kikavu mpaka kiganja changu kisiambue kitu. Zile za spreyi zenye harufu kali ya mafuta ya petroli nimeziacha. Na mwenye gari linalokwenda kupakwa rangi bodi nzima azuie kabisa dawa za silikoni karibu nalo, maana silikoni ikigusa bodi, rangi hukataa kushika na hutoa vidoti vya duara.

Mafuta ya taa, dizeli na mafuta ya nazi bado yanapakwa sana. Dizeli na mafuta ya taa huvimbisha mipira ya milango na kuacha mvuke ambao wewe na watoto mnauvuta mkiwa mmefunga vioo. Mafuta ya nazi huchacha. Halafu kuna imani kwamba plastiki "inakula" mafuta na kurudi ujana. Vilainishi vilivyokwisha kutoka havirudishwi kwa kupaka kitu juu. Unachokiona ni unyevu wa mafuta ukificha mpauko, na ukikauka mpauko uko pale pale.

5. Kinachoua plastiki ni jua, na jua halitibiwi kwa chupa

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State walichapisha vipimo vya magari yaliyoegeshwa siku za joto kali. Baada ya saa moja juani, hewa ya ndani ilifikia wastani wa nyuzi 47 za Selsiasi, usukani nyuzi 53, na dashibodi nyuzi 69. Magari yaliyokaa kivulini muda huo huo, dashibodi zake zilikuwa kwenye nyuzi 48. Tofauti ya nyuzi 20 na ushee, kwa sababu ya kivuli tu! Hakuna dawa duniani inayoweza kuifanyia dashibodi hisani hiyo.

Arizona ni jangwa, lakini Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mwezi Oktoba, na tena mapema Machi, jua la saa sita mchana hupita utosini. Gari lililoegeshwa wazi Posta au Kariakoo kuanzia asubuhi hadi jioni linaokwa siku nzima.

Jambo lililonichukua muda kulielewa ni kwamba sehemu za gari hazizeeki kwa usawa. Kioo cha mbele kina tabaka mbili zilizobana utando wa plastiki katikati, na utando huo huzuia karibu miale yote ya urujuanimno. Kwa hiyo dashibodi inateswa zaidi na joto. Vioo vya pembeni na cha nyuma, kwa magari mengi, ni tabaka moja lisilo na utando huo, na sehemu ya miale hiyo hupenya. Tazama sedani iliyozeeka: ile meza ya nyuma ya vichwa vya abiria imepauka na kugeuka zambarau au kijivu wakati dashibodi bado ina rangi yake. Tazama na ukingo wa juu wa mlango, pale dereva anapoweka kiwiko.

Kwa hiyo hesabu yangu ya utunzaji inaanza na mahali pa kuegesha. Kama kuna mti, egesha chini ya mti. Watu huogopa ndege na utomvu wa mwembe, lakini kinyesi cha ndege kinaoshwa, dashibodi iliyopasuka haioshwi. Kama hakuna kivuli, weka kizuia jua cha kukunja nyuma ya kioo cha mbele, chenye upande unaorudisha mwanga, kila siku, hata kwa nusu saa ya benki. Hewa ya ndani itaendelea kuwa moto, lakini uso wa dashibodi hautapigwa moja kwa moja. Kwa vioo vya pembeni zipo karatasi za kubandika zisizo na giza zinazozuia miale ya urujuanimno. Ukipata ya kweli, pesa yake haijapotea. Ukiweza kugeuza gari, siku moja elekeza mbele mashariki, siku nyingine magharibi, ili upande mmoja usibebe mzigo wote.

6. Vinavyoyeyusha plastiki viko kwenye mkoba

Pafyumu za maji za kuweka kwenye dashibodi zimeniletea wateja wengi kuliko ajali ya soda au maziwa. Chupa inaanguka kwenye tuta, tone linatambaa, na mwenye gari analigundua jioni. Nimewahi kushika paneli ya kiyoyozi ambayo tone lilikuwa limepita juu yake likaacha mfereji, wenye kingo laini zilizojikunja, na kidole changu cha shahada kilikaa ndani yake sawasawa. Manukato hayo yana viyeyushi vikali. Tone likimwagika, usilisugue, maana uso umeshalainika na utauvuruga. Nyonya kwa tishu kwa kugusa tu, kisha maji ya sabuni mengi, haraka. Bora zaidi, nunua ya kuning'inia na uhakikishe haigusi plastiki, au acha kabisa.

Dawa ya kujipaka dhidi ya mbu ni ya pili. Nyingi zina kiambato kiitwacho DEET, ambacho ni salama kwa ngozi kikitumiwa kama ilivyoelekezwa, lakini hulainisha na kuyeyusha plastiki kadhaa, na pia vinili. Mtu anajipaka miguu na mikono jioni, anaingia garini, anaegemeza mkono mlangoni. Baada ya wiki kadhaa ukingo wa mlango una alama ya kiganja isiyotoka kwa chochote, kwa sababu si uchafu, ni plastiki yenyewe iliyobadilika. Jipake, osha viganja au vifute vizuri, ndipo ushike gari.

Kitakasa mikono tulikizoea mwaka 2020 na kimebaki kwenye magari mengi. Alkoholi yake, ikipakwa kila siku kabla ya kushika usukani, huondoa rangi ya usukani na ya kifuniko cha gia. Kisubiri kikauke kwanza. Dawa ya kuondoa rangi ya kucha yenye asetoni isifunguliwe garini hata mara moja.

7. Kioo cha geji hakitaki spiriti wala dawa ya madirisha

Kile kioo kinachofunika mita ya spidi na geji ya mafuta si kioo. Ni akriliki au polikabonati, na hizo zikiguswa na spiriti, thina au dawa ya vioo yenye amonia zinaweza kupata nyufa nyembamba za ndani, kama utando wa nywele, zisizotibika. Maji, tone la sabuni, kitambaa safi kabisa, mkono mwepesi. Basi.

8. Swichi zinazonata si chafu

Baadhi ya magari, hasa ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na ya miaka ya 2000, yalipakwa juu ya swichi na vitasa rangi laini yenye mguso kama mpira. Rangi hiyo ni ya poliyurithani, na aina nyingi za namna hiyo huvunjwavunjwa na unyevu pamoja na joto. Pwani tuna vyote viwili mwaka mzima. Matokeo yake ni swichi za vioo zinazonata kama zimemwagiwa asali, na kucha ikipita inaacha mfereji.

Wenye magari husugua kwa sabuni, inanata zaidi. Wanapaka poda, inageuka kijivu. Hapo hakuna cha kusafisha, kwa kuwa rangi yenyewe imekwisha. Kinachofaa ni kuiondoa yote: kitambaa kilicholoweshwa kidogo alkoholi ya isopropili, sehemu ndogo kwa wakati, kwa subira, mpaka ifike plastiki ngumu ya chini yake. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa sababu alama za vitufe mara nyingi zimechorwa kwenye rangi hiyo hiyo na zitaondoka nayo. Mweleze mwenye gari kabla hujaanza. Wapo wanaopendelea swichi inayonata lakini inayosomeka, na hiyo ni haki yao.

9. Penye SRS AIRBAG, nenda polepole

Maandishi hayo utayaona katikati ya usukani, juu ya dashibodi upande wa abiria, na kwenye magari mengine pembeni mwa siti na nguzo. Chini yake kuna mfuko uliokunjwa unaofumuka kwa kasi kubwa ajali ikitokea, na kifuniko chake kimetengenezwa kipasuke mahali maalumu. Futa hapo kwa kitambaa chenye unyevu tu. Usiloweshe, usijaze ufa kwa gundi wala silikoni, usibandike mapambo. Yale mazulia ya manyoya ya kutandika dashibodi nzima nayo yana tatizo hili: yanakinga jua, ndiyo, lakini mengi hufunika kifuniko cha mfuko wa abiria. Kama unalipenda lako, likatwe pawe wazi.

Swichi na redio zisipuliziwe spreyi ya aina yoyote. Dawa iende kwenye kitambaa, kitambaa kiende kwenye swichi.

10. Iliyopasuka ibadilishwe, isifichwe

Ufa wa dashibodi ukishaanza hauzibwi ukazibika. Joto la mchana hutanua, ubaridi wa usiku hubana, na kijazio hutoka. Kwa vipande vidogo, fremu na matundu, ni nafuu kutafuta vilivyotumika Shaurimoyo, Ilala, au kwa walio Nairobi, Kirinyaga Road, kuliko kumlipa mtu apulize rangi. Hasa kama mgongoni kuna >PP<: rangi bila praima ya kushikiza plastiki itabanduka kwa vipande ndani ya msimu mmoja. Muulize fundi anatumia praima gani kabla hajafungua kopo.

Na kipande kikifunguliwa, kisichokonolewe kwa bisibisi ya chuma. Klipu za plastiki zilizozeeka hukatika kirahisi zaidi zikiwa za baridi. Kwenye baridi ya Njombe mwezi Julai, subiri gari lipate jua la asubuhi ndipo ufungue.

11. Usukani, pedeli na gia havipakwi kitu

Hili ndilo ninalolipigania kuliko yote. Kijana wa kuosha magari hupewa kopo la dawa na kuambiwa kila cheusi king'ae, naye kwa bidii anapaka usukani, breki, klachi, breki ya mkono, hata zulia la mpira chini ya miguu. Mvua inanyesha, viatu vimelowa, dereva anakanyaga breki kwenye foleni ya Ubungo na mguu unateleza kando. Sehemu hizo zinatakiwa zishike. Zinaoshwa kwa maji na sabuni, zinakaushwa, zinaachwa hivyo.

Ndugu msomaji, ukienda kuchukua gari lako lililooshwa, kaa kwenye kiti, shika usukani kwa viganja vyote viwili na ukanyage breki kabla hujawasha. Kikiteleza chochote, mwite aliyeliosha, mwombe avifute hapo hapo kwa sabuni na maji mpaka vikauke, na usiondoke kabla hajamaliza.